Gurusiddappa Yaligar, Mbishi Aliyezirudisha Kadi za Mwezini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo nawasomea maisha ya kaka yetu, Mhandisi Gurusiddappa Yaligar, aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1958 huko Byadgi, mtoto wa tatu wa mzee Mallappa, mpima pilipili sokoni, na mama Gangavva, na kama yupo hapa aliyemjua bila kumsikia akibishana, basi huyo alimjua mtu mwingine.

Alisoma Byadgi, kisha Hubballi, akahitimu uhandisi wa umeme Bengaluru mwaka 1980, na tarehe 3 Agosti 1981 akaajiriwa katika maabara ya vyombo vya anga, kazi yake ikiwa kuvichoma kwa mionzi vipuri vya kompyuta, ili kuona kama vitahimili, kabla havijarushwa, maana huko juu hakuna hewa ya kutukinga, na mionzi ikizidi, chipu hupungukiwa akili hadi chombo kisijue kushoto wala kulia. Tarehe 12 Mei 1985 alimwoa bi Kasturi, wakajaliwa binti mmoja, Sumangala.

Oktoba 2016, chombo cha mwezini kikiwa kimebakiza wiki saba kirushwe, ndani yake sanamu ya mtu iliyojaa vipimo ili ijulikane wanaanga watakaofuata watapata mionzi kiasi gani, kaka alianza kuzichoma kadi nane za kompyuta za chombo hicho kwa siku sita mfululizo, lakini katikati ikaangukia Ayudha Puja, siku ambayo kwetu kila chombo cha kazi hupakwa kumkum, ule unga mwekundu wa baraka, huvishwa maua na kupumzishwa, naye kwa mkono wake mwenyewe akaizima mashine, akaivisha maua, akaiwasha tena baada ya siku mbili. Kadi zikafaulu, akatia sahihi, watu wakala holige, mikate yetu ya sikukuu iliyojaa sukari.

Wiki tatu baadaye, akinywa chai, akashtuka, kwani chipu iliyochomwa ikipumzishwa hujiponya kidogo kidogo, kumbe kadi zile zilifaulu kwa sababu zililala siku mbili, na njiani kwenda mwezini hakuna sikukuu. Msaidizi wake Padmaja akamsihi, "Bosi, nyamaza tu, nani atajua? Umebakiza miaka miwili ustaafu!" naye akamjibu, "Chombo kitatusemea, tena mbele ya dunia nzima." Bi Kasturi, alipoambiwa kwamba kazi na jina la mumewe vinaweza kupotea, alisema, "Nenda kaseme. Mimi niliolewa na mbishi, sikuolewa na mwongo."

Tarehe 8 Novemba akasimama mbele ya wakuu, Mkurugenzi Ramaseshan akafoka, "Yaligar, yaani utuaibishe kwa ajili ya maua?" na kaka akajibu, "Maua hayana kosa, mheshimiwa, kosa ni langu." Kadi zikachomwa upya bila kupumzika, na siku ya tano, tatu kati ya nane zikafa. Akavuliwa ukuu wa maabara, safari ikaahirishwa miezi mitano, naye akabaki humo humo kama fundi wa kawaida, akitengeneza kadi mpya bila kununa, ingawa kubishana hakuacha.

Chombo kilirushwa tarehe 22 Aprili 2017, na tarehe 9 Mei jua likalipuka na kumwaga mionzi, vipimo vya sanamu vikapanda mara arobaini, chumba kizima cha kuongozea chombo kikasimama, na kadi nane, nasema zote nane, zikahimili! Kilipotua salama mwezini tarehe 17 Mei, Ramaseshan alimkumbatia mbele ya watu na kumrudishia ukuu wake, na Padmaja akalia kuliko wote.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, kikaingia kwenye figo, akafariki tarehe 11 Februari 2024, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sumangala, na wanaonong'ona kwamba aliuawa na mionzi wanyamaze, maana mionzi aliijua na kuiheshimu, ila holige hakuwahi kuiheshimu hata siku moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika siku zote hizi, na wenzake wa maabara, ambao asubuhi ya leo wametuambia kwamba kinga ya wanaanga watakaokwenda mwezini inatengenezwa kwa vipimo vya sanamu ile ile.

Lala salama, kaka. Watakwenda watu, na watarudi kwa watoto wao.