Mita Inayokimbia

Benchi lile la machimboni Mwakitolyo linatazamana na makarasha ya kusagia mawe, vumbi linatua hadi kwenye vikombe vya kahawa, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la swali lolote. Asubuhi ile Maganga hakuwa anakunywa. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha nyumba yake, ambako Sostenes, fundi wa shirika la umeme, alikuwa anapima kama mita ya umeme inasema kweli. Mwezi uliopita Maganga alimfukuza mpangaji wake, Violeth, na mtoto mgongoni, kwa sababu yuniti zilikuwa zinayeyuka na yeye peke yake ndiye mwenye friji. Sasa aliomba kimoyomoyo mita ikutwe nzima. Ikikutwa mbovu, uso wake atauficha wapi?

— Maganga, kahawa inapoa, alisema Profesa, aliyeishia darasa la saba na tangu hapo hajakosea. Mita ile nzima. Umeme unatoka mbali, ukifika huku umechoka, unahesabiwa mara mbili.

— Wapi! alidakia Apolo, mchimbaji. Chini ya nyumba yako kuna mwamba wa dhahabu, unavuta umeme. Chimba duara humo chumbani, ushuke hadi kwenye dhahabu, utakuja kunishukuru.

— Na friji ya Violeth? aliuliza Maganga.

— Barafu kiangazi kizima haiishi? alisema Apolo. Ile haikuwa friji, ilikuwa dawa ya kichawi.

— Nyie ndio mlionijaza maneno hayo.

— Sisi tulisema tu, alijibu Profesa. Kufukuza ulifukuza wewe.

Fundi akavuka barabara, karatasi mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Lete habari.

— Nimewasha pasi, nikabana kipimo changu kwenye waya. Mkitumia yuniti saba, mita inaandika kumi. Inakimbia, na inaonekana ilifungwa hivyo hivyo.

Aibu ikampanda Maganga hadi masikioni. Alimtolea vyombo nje mtu asiye na kosa, benchi zima likitazama.

— Lete nisaini, mwanangu, yaishe.

— Samahani mzee, mwenye kusaini si wewe. Barua ya kuomba mita ipimwe iliandikwa na mpangaji wako, Violeth. Anakaa wapi siku hizi?

Profesa akakohoa. Apolo akageukia makarasha. Hakuna aliyejua, maana siku ile alipofukuzwa hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakwenda wapi.