Venanti Nduwayezu, Fundi wa Makere, na Gari la Mwalimu

Mpendwa wetu Venanti Nduwayezu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Kumsenga, Kibondo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Pasikali na mama Esteri, waliovuka mpaka kutoka Burundi miaka miwili kabla yake.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kumsenga, akamaliza mwaka 1990, kisha akajifunza ufundi katika gereji moja mjini Kibondo. Mwaka 1998 alihamia Makere na kufungua gereji yake. Alijulikana hasa kwa kazi moja: kufungua throto, ule mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini, na kuusugua masizi na mafuta yaliyogandana mpaka chuma king'ae. Madereva wengi, gari likianza kuzimika kila wakiachia mafuta, walitaka akaze skrubu tu, sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, ipande, waondoke. Alikataa.

"Hapo umemfunika mgonjwa blanketi," aliwaambia. "Tumbo bado linamuuma."

Tarehe 6 Novemba 1999 alifunga ndoa na Winifrida. Asubuhi ile shangazi zake walimsugua vidole kwa limau na majivu, wapi, weusi wa masizi haukutoka. Padri aliushika mkono wake, akautazama, akasema, "Pete naiona. Kidole bado nakitafuta." Kanisa lilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Mwaka 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Alificha. Akiinama kwenye injini alikosa pumzi, akasingizia vumbi. Siku moja Mwalimu Lusajo, jirani yetu aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, alimletea gari.

"Fundi, nipandishie sailensa tu, niwahi kipindi."

Siku hiyo Venanti hakukataa. Hakuwa na nguvu za kufungua throto. Alikaza skrubu.

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, alizidiwa. Gari la karibu lilikuwa la Mwalimu. Njiani kwenda Kasulu lilizimika kila lilipopunguza mwendo, likawashwa tena na tena, mpaka betri ikaisha nguvu mlimani. Mwalimu alikaa barabarani akalia. Venanti, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, alimwita.

"Mwalimu, kosa hilo si lako. Ile ni kazi yangu mimi."

Kisha akamwambia Winifrida, "Mkinizika, asisimame mbali."

Alifariki kabla gari jingine halijafika.

Ameacha mjane, Winifrida. Mama yake, Esteri. Na watoto wanne: Didas, Asnath, Elisante na Niyonsaba. Ameacha pia Mwalimu Lusajo, ambaye tangu Jumanne amekaa nje ya ua na hagusi chakula. Familia inamwomba aje huku mbele. Winifrida amemwekea nafasi ya kubeba jeneza, upande wa kichwa.

Mungu amlaze Venanti mahali ambapo pumzi haimwishii.