Kaa Kwanza

Kwenye kona ya mafundi tairi, Tunduma, malori yanaposubiri kuvuka kwenda Zambia, kuna benchi linalobeba watu wanne na uongo wa watu arobaini. Asubuhi hiyo ya baridi Brayan, aliyejipa jina la Turubo, alikuwa amesimama mbele yake, kahawa mkononi, kifua mbele. Shule aliiacha darasa la sita akidai imeisha. Kwenye simu yake alikuwa na hadithi ya sauti aliyoitunga juu ya kaka yake Danford, aliyekufa kwa ajali ya lori huko ng'ambo ya mpaka. Violet, mwenye kundi la hadithi la wasapu, alimpa hadi saa sita: aweke tahadhari mwanzoni kuwa ina kifo, la sivyo hairushi.

— Tahadhari! Kwani mimi dawa ya panya? Huko ni kunifunga mdomo, oya!

— Weka, mdogo wangu, alisema Masudi, dereva waliyemwita Foleni. Hata kuku wa kuchinja tunamgeuza kibla kwanza.

— Kwa hiyo wasikilizaji wangu kuku?

Amri wa forodha, yaani Mhuri, akafyonza kahawa.

— Usiweke. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana hadithi tamu inakugonga ghafla.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo? akauliza Foleni.

— Imeingia kwa mhuri! Leo wanakuonya, kesho wanakukata kipande, keshokutwa unaomba kibali cha kuota. Na nyuma yao wapo wauza dawa za presha. Ukionywa moyo unapanda, unakimbilia dukani kwao!

Wakacheka. Turubo akacheka kuwazidi wote.

Pembeni pa benchi palikuwa na nafasi wazi. Palikuwa pa Danford. Tangu afe Januari, hapakaliwi. Mama mmoja aliyesubiri Hiace ya Itumba akanunua kahawa, akapakalia bila kujua. Kicheko kikakatika. Alipoambiwa palikuwa pa marehemu kaka yake Turubo, akamgeukia.

— Samahani, mwanangu. Wewe habari ya msiba wa kakako nani alikupa? Maana kwetu hupewi umesimama. Unaambiwa "kaa kwanza", unashikwa bega.

Turubo, mwenye jibu hata la bei ya dizeli Lusaka, akaweka kahawa yake chini. Siku ile ya msiba alikuwa amesimama kwenye dirisha la duka akinunua vocha. Picha ikaingia kwenye kundi la wasapu la madereva: lori limelala, ndala za Danford juu ya lami. Foleni alikuwemo kundini. Mhuri alikuwemo. Hakuna aliyempigia simu kwanza.

Aliwatazama. Foleni akainamia kikombe kitupu; Mhuri akatikisa birika, halikuwa na kitu.

Turubo akaenda nyuma ya tela, akabonyeza kurekodi.

— Wewe unayesikiliza. Hii ina kifo ndani. Kaa kwanza.

Akabaki amesimama pale peke yake, mkono wake mwenyewe begani.