Zote, au Misumari Ikae Bure

Marehemu alikataza mambo mawili yasiandikwe katika wasifu huu: kwamba alikuwa mpole, na kwamba alichora kwa kupitisha wakati. Hakuwa mpole. Na wakati hakuwa nao hata wa kunywa chai akiwa ameketi.

Dada yetu, ambaye mji mzima ulimwita Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba dereva wa lori na mama mshona nguo. Alianza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Huko ndiko alikopata sifuri yake maarufu. Mwalimu aliwaambia wachore kikombe, yeye akaburuta mkaa kutoka pembe moja ya karatasi hadi nyingine, basi.

"Hiki ni kikombe gani?" mwalimu akauliza.

"Kikombe kimeanguka, mwalimu. Hivi ndivyo kilivyoanguka."

Alichapwa. Karatasi ile aliitunza chini ya godoro, akahama nayo nyumba nne, na ile sifuri nyekundu bado inasomeka.

Mwaka 1974 alijiunga na mjomba wetu, fundi rangi, akaifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na sita. Hakuna barabara katika mji huu ambako hakusimamisha ngazi yake. Wengi wenu mnalala ndani ya kuta alizozipaka, ila kuna jambo hamlijui. Kabla ya kupiga mkono wa mwisho wa rangi, Brashi alirudi nyuma hatua tatu, akachovya brashi pana kwenye rangi yoyote iliyobaki, akaenda mbio ukutani na kuufagia kwa mkono mzima, kutoka begani. Halafu alikaa juu ya ndoo, akautazama mchoro wake muda wa kutosha, akaufunika kwa rangi mliyoilipia.

Mdogo wake wa mwisho, ndiye huyu anayewasomea, alikuwa akimchanganyia rangi na kumshikia ngazi. Siku moja alimcheka: "Dada, hata kuku mwenye matope miguuni anaweza hiyo."

"Mlete huyo kuku," akajibu, "nimpe ukuta wake."

Mdogo wake alicheka miaka mingi. Leo anaona haya, na anasema hivyo mbele yenu.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, mume tuliye naye hapa leo. Walijuana kwa ugomvi. Seremala alikuta matone ya rangi ya bluu kwenye mlango wake mpya, akapiga kelele jengo zima. Brashi akamwambia mlango ulikuwa unatia huruma, yeye kauchangamsha tu. Shemeji alinuna wiki nzima, kisha akarudi na fremu ya mbao. "Kama lazima umwage," akasema, "mwaga ndani ya hii." Tangu hapo akawa anamtengenezea fremu, na Brashi akawa anakata yale maturubai ya kufunikia sakafu, anayawamba kwenye fremu na kuyapaka. Walijaliwa mabinti wawili.

Jumatatu, tarehe 10 Februari 2020, alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta. Daktari alimwambia apumzike, naye akamuuliza daktari apumzike kutoka wapi. Binti mkubwa alimfunga brashi kwenye mkono wa kushoto kwa kitambaa, na kwa mkono huo alichora picha kumi na moja. Mistari yake inatetemeka, inasimama njiani, inaanza tena. Kuna moja ilimchukua siku tisa, na ina mfagio mmoja tu wa brashi.

Mwenye ukumbi wa maonyesho alipokuja nyumbani kuandaa maonyesho ya picha zake, alichagua picha kumi na tisa za zamani. Zile za mkono wa kushoto akazigeuza zitazame ukuta. "Mama, hizi tuziache. Watu watakuonea huruma."

"Anayetaka kunihurumia aje na kiti," Brashi akasema, "akae atazame kwanza. Zote, au misumari yako ikae bure."

Mwenye ukumbi alikubali. Ijumaa, tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, kiharusi cha pili kilimchukua dada yetu akiwa na miaka sitini na mitano, siku nane kabla ya ufunguzi. Tuliumia, na bado tunaumia. Siku ya tatu ya msiba mwenye ukumbi alikuja kutupa pole, tukamshukuru. Alipokuwa anavaa viatu akasema kwa kuwa mama hayupo, zile kumi na moja sasa zibaki nyumbani.

Jibu letu ni hili. Oktoba 1998 ukumbi ule ulipakwa rangi nyeupe, na fundi alikuwa Brashi. Mdogo wake ndiye aliyeshika ngazi. Ukuta wa ndani, ule mrefu, chini ya weupe wake, una mfagio wa rangi nyekundu kutoka dirishani hadi mlangoni. Mzee mwenye ukumbi, umemtundika dada yetu karibu miaka ishirini na minne bila kujua. Jumamosi hii picha kumi na moja zitakaa kwenye ukuta huo. Zisipokaa, familia yote itakuja na msasa, watu wazima na wajukuu, na tutaukwangua mpaka mwenye ukuta atokee.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja mwenye deni la kicheko, na picha thelathini. Tumesema thelathini.

Apumzike dada yetu kwa amani, mkono wa kulia na wa kushoto.