Saini ya Bi Mwanamkasi

Ndugu msomaji, nakuomba sana, neno lolote la ukurasa huu lisimfikie Mwenyekiti kabla ya Ijumaa. Amekataza kusifiwa, na akiuona ataufuta wote kwa kalamu nyekundu.

Baada ya miaka ishirini ya udiwani, kumi kati yake akiongoza baraza la halmashauri yetu, Bi Mwanamkasi Sabiri anastaafu siasa Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025.

Alikuwa muuza machungwa stendi ya Muheza, na wateja wake ndio waliomchukulia fomu mwaka 2005. Barazani aliweka utaratibu wake: hatii saini muhtasari wa kikao mpaka ausome wote kwa sauti. Waliosinzia aliwaamsha kwa majina.

Mara moja tu hakusoma. Alitoka mazikoni Pangani, kivuko kikamchelewesha, akakuta ukumbi umejaa, akatia saini. Karani kijana, aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, alikuwa amekosea: zahanati iliyopitishwa kwa kijiji cha Kwasemhina ameiandikia kijiji kingine, Mnazi Mkinda. Kosa lilionekana mawe yakiwa yameshamwagwa kusiko.

Kikao kilichofuata, Mheshimiwa Luka, diwani wa Kwasemhina, alisimama. "Shikamoo Mwenyekiti. Na baada ya shikamoo, nataka karani aliyeandika haya aondoke leo hii!"

"Marahaba, mwanangu. Saini hii ya nani?"

"Ya kwako."

"Basi anza na mimi. Karani atafuata."

Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Alimwachia makamu wake kiti, akaketi na madiwani, akaomba apewe onyo la maandishi. Walimpa, kwa kura tatu za ziada. Karani hakutajwa tena. Mheshimiwa Luka mwenyewe alisimamia lori la kuhamisha mawe, akinung'unika njia nzima, na leo kina mama wa Kwasemhina wanajifungulia kwao.

Katika jalada la Mwenyekiti lipo onyo hilo moja tu.

Bi Mwanamkasi, ahsante. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wanaosikiliza unapowasomea.

Msomaji, ukiona kosa humu, usimpelekee yeye, atasema ni lake. Njoo masijala, chumba cha nyuma ya ukumbi, kabla ya saa tisa alasiri. Bisha taratibu, umuulize Samiha. Ndiye karani wa siku ile. Bado yupo kazini, na safari hii atajibu mwenyewe.