Attracta Lavelle Anakwenda Valparaíso

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi. Attracta Lavelle anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha gari la maktaba katika vijiji vya Erris, magharibi mwa Ayalandi. Wenzangu wa maktaba ya Castlebar wamenitwika mimi kuandika habari zake, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye garini kwa misimu mingi ya baridi, nikigawa vitabu huku yeye akipigana na usukani na upepo wa bahari.

Alizaliwa Blacksod, katika nyumba yenye Kiayalandi kingi na vitabu vichache. Alianza kwa kupanga rafu. Siku moja dereva wetu aliumia mgongo, Attracta akaombwa amshikie gari kwa wiki mbili. Wiki hizo ndizo zinazoisha Ijumaa.

Kila kitabu kipya alikifungua katikati na kukinusa kabla ya kumpa mtu. Watoto wa shule walimcheka. “Attracta, hicho si mkate!” Naye hujibu, “Mkate wa kwenu ungenukia hivi, ningehamia kwenu.”

Tangu utotoni alitamani kuona Valparaíso, mji wa Chile uliojengwa juu ya vilima vinavyotazama bahari. Aliuona kwanza katika kitabu cha picha alichoazima shuleni, na hakuna msomaji wa gari lile ambaye hakusikia habari zake. Aliyemchochea zaidi alikuwa Festus Barrett, baharia mzee wa Glenamoy, kapera, aliyewahi kutia nanga kule. “We msichana,” alikuwa akimwambia Attracta, ambaye wakati huo alishapita miaka arobaini, “utaisoma hiyo Chile mpaka lini? Nenda ukaikanyage!”

Hatimaye alikata tiketi. Siku moja kabla ya kuondoka alipita Glenamoy kumuaga Festus, akamkuta kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemchukua macho na nusu ya mwili. Mpwa wake aliyeko Boston alikuwa amemletea mashine ya kusoma vitabu kwa sauti, lakini mzee aliiweka chini ya kitanda.

“Inasoma vizuri tu,” alisema. “Lakini haigeuzi kurasa. Nataka kusikia ukurasa ukigeuzwa, nijue kuna mtu.”

Attracta alichukua kitabu cha safari za baharini kilichokuwa mezani, akavuta kiti karibu na moto wa mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma badala ya kuni, akaanza kusoma. Festus alitaka kukishika kila sura ilipoisha. Alikipapasa mgongo, akapima kwa dole gumba kurasa zilizobaki, kisha akakirudisha. Jioni alisema, “Haya, kalale. Una ndege kesho.”

“Ndege zipo kila siku,” Attracta akamjibu.

Hakwenda. Alisoma siku sita. Siku ya saba, mchana, aliinua macho kutoka ukurasani akaona mzee hasikilizi tena. Majirani waliokuwapo wanasema Attracta alimaliza kwanza aya ile, kwa sauti ileile, ndipo akafungua dirisha ili roho itoke, kama tufanyavyo huku kwetu.

Kwenye mkesha wa maiti nyumba ilijaa. Rozari ilisaliwa kwa Kiayalandi, chai haikukatika, na mabaharia wenzake wakasimulia mambo yaliyomfanya padri aangalie viatu vyake. Baada ya mazishi nilimwambia Attracta abaki na kile kitabu, maktaba haitalalamika. Alinitazama kana kwamba nimetukana. “Kuna mama mmoja kule Bangor anakisubiri,” alisema, akakirudisha rafuni.

Sote tuliamini atasafiri mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata mama yake aliugua, naye akamuuguza hadi mwisho. Kisha ikawa zamu ya kaka yake. Tulimsifu kwa moyo wake, na anastahili. Lakini mwezi uliopita, tukinywa chai garini mvua ikipiga, aliniambia jambo ambalo ameniruhusu niliandike hapa.

“Wale wagonjwa niliwapenda, Úna. Ila usinifanye mtakatifu. Kila safari ilipovunjika, kuna sehemu yangu ilishusha pumzi. Niliogopa. Mji wa kitabuni haukukatishi tamaa.”

“Na sasa huogopi?” nikamuuliza.

“Naogopa sana,” akasema, akijimiminia chai nyingine. “Naondoka Jumapili.”

Amekata tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi, anasema, ataikata hukohuko akichoka. Begini amepanga vitabu vitatu, na dada yake, aliyemshauri aweke sweta badala ya kimoja, alijibiwa vibaya.

Dada Attracta, ulituletea dunia mlangoni kwenye barabara ambazo hata posta ilizikwepa. Tunakushukuru kwa mikono yako, kwa utani wako, na kwa kila nyumba uliyoingia ukakaa. Mungu akupe afya, miguu ya kupanda vilima, na watu wema wa kukukaribisha mezani.

Jumatatu gari litafika Glenamoy na dereva mwingine. Watu watakuja na mifuko yao ya vitabu, watachungulia ndani, watauliza uko wapi. Nimeomba niwe garini siku hiyo, ili niwe wa kwanza kuwajibu: kasafiri.

Úna Ruddy, Idara ya Watoto