Aliyetuma Radi Siku ya Baiskeli

Kijiwe chetu kiko Mbinga mjini, nyuma ya stendi: mabenchi mawili ya mbao na jiko la mkaa la Mzee Azizi. Kahawa tumeilima tangu enzi za babu zetu, lakini kuinywa tumefundishwa na huyu Azizi, aliyekuja na birika lake kutoka Kilwa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe, na Jumatano ile tulikuwa wanne. Azizi mwenyewe. Methodi, tunayemwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Othmar, tunayemwita Ushirika, maana aliapa kahawa yake haitapanda mizani ya mtu binafsi hata kwa bunduki. Na mimi. Jumapili iliyopita hao wanunuzi waliandaa mashindano ya baiskeli, Matiri hadi mjini, na radi ikapiga mkaratusi pale pa kumalizia. Watazamaji watatu walianguka. Wawili waliinuka. Wa tatu, Vitalia, mke wa Othmar, alikuwa bado wodini, ameungua kuanzia begani hadi gotini, na sikio la kushoto halisikii. Othmar alitaka kumtoa hospitali mchana huohuo. Alikuwa ameshashika siti mbili kwenye gari la Mbamba Bay, ampeleke kwa mganga wa huko ziwani anayeweza kutaja radi imetumwa na nani.

Redio ndiye aliyeanza. Kwa maelezo yake, radi ile ilitumwa na yule mwendesha baiskeli aliyepasukiwa tairi njiani. Wivu wa kushindwa. Nilimwambia mtu mwenye uwezo wa kutuma radi angejitumia pampu kwanza.

— Cheka tu, lakini penye miti hapana wajenzi. Ndiyo maana ilipiga mti.

— Methali hiyo inahusu nini hapo?

— Inahusu mti.

Alipoona hatujaridhika akahamia kwenye miavuli. Wanunuzi walikuwa wamewagawia miavuli mikubwa wateja wao tu, na watu walikwenda nayo kwenye mashindano wakaifungua juani, ili sisi wengine tuione. Mimi sikupata. Sisemi uongo, iliniuma. Redio alidai zile fito za chuma ndizo zilizoita radi, na kwamba mpango mzima ulikuwa wa kampuni.

— Zamani radi ilikuwa ya umma. Ilipiga popote, kwa usawa. Sasa biashara huria. Mwenye uwezo anaagiza ya kwake, inakuja kwenye lori pamoja na miavuli.

— Kwa stakabadhi? aliuliza Azizi.

— Bila stakabadhi. Utamshtaki nani?

Tulicheka, isipokuwa Othmar. Yeye alisema si mwendesha baiskeli wala si miavuli. Ni Abdulmajid.

Abdulmajid ni karani wa mizani wa wale wanunuzi. Vitalia ana miche yake michache aliyopewa na mama yake, na msimu mzima amekuwa akipeleka kahawa yake kwenye mizani hiyo. Kosa la Abdulmajid, kwa jinsi Othmar alivyolieleza, ni kwamba kila Vitalia akifika, karani anafuta kigoda ndipo amkaribishe akae.

— Kwa kitambaa chake mwenyewe cha mfukoni, alisema Othmar, kama shahidi mahakamani. Mwanaume hafuti kigoda cha mke wa mtu bure.

— Chema chajiuza, alidakia Redio.

— Wewe nyamaza.

Azizi alikung'uta vikombe vyake, akatukumbusha jambo ambalo hatukupenda kukumbushwa. Jumapili ile, ngurumo ya kwanza iliposikika upande wa Matiri, aliyeshika kipaza sauti alikuwa Abdulmajid. Alifungua milango yote miwili ya ghala la kampuni. Aliwaambia watazamaji watoke kwenye miti na kwenye kilima kitupu, waingie ndani, na asitoke mtu mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Waliomsikiliza, wakiwamo wenye miavuli, wote wazima.

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Azizi. Nyinyi mlingoja radi yenyewe ije iwaamkie.

Hapo nilipandisha hasira. Nilimwambia anamtetea Abdulmajid kwa sababu wanaswali safu moja. Sikuwa na haki ya kusema vile, ila nilikuwa nimeshasema. Azizi alinimiminia kahawa yangu, nusu kikombe.

Othmar alikuwa akinyanyuka aende wodini kumchukua mkewe, tukamwona nesi anavuka barabara akija kwetu. Ni Eunice, mgeni hapa mjini, hana hata miezi miwili.

— Shikamooni.

— Marahaba, sista.

— Mzee Othmar ni nani?

Othmar alijitaja, akauliza kama karatasi za kumruhusu mgonjwa ziko tayari. Eunice alisema vidonda bado vibichi, na vumbi la njia ya kushukia ziwani litavimaliza. Lakini mgonjwa ni mtu mzima. Wamemuuliza mwenyewe, naye amesema hatakwenda popote, iwe Mbamba Bay au nyumbani, mpaka ajibiwe swali moja.

— Anasema kila akikuuliza, unamzungumzia mganga. Amenituma hapa kwa sababu siku ile mlikuwapo wote, anayejua ajibu. Alikuwa ameshaingia ghalani, amekaa pakavu. Ngurumo mnaisikia. Ulimwita atoke nje kwa nini?

Wito ule niliusikia kwa masikio yangu. Othmar alisimama karibu na mkaratusi akaita jina la mkewe mara tatu, kwa kuwa pale ndani alikuwa amekaa kwenye magunia jirani na Abdulmajid. Mara ya tatu Vitalia alitoka mbio, kanga kichwani. Redio alipiga makofi. Mimi, ambaye maisha yangu yote ninajisifu kumwambia mtu ukweli usoni, nilimwambia Othmar: sawasawa, wewe ndiye mwanaume.

Sasa nilitazama ndani ya kikombe. Redio alikuwa anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

— Kwa hiyo nimwambie hakuna anayejua?

— Usimwambie hivyo, sista, alisema Othmar.

— Nimwambieje?

Kule stendi utingo alikuwa anaita abiria wa Mbamba Bay, wa mwisho wa mwisho. Eunice aligeuka kurudi hospitali, na Othmar akamfuata nyuma, hatua kama kumi, polepole, kama mtu aliyeitwa polisi kuandikisha maelezo.